Kabla ya kulaumu rimoti: dalili za boti ya tanga inayosumbua, na wapi pa kutazama

Boti ndogo ya tanga inayoendeshwa kwa rimoti ina mambo mawili tu unayoyatawala ukiwa ufukweni: usukani, na uzi unaobana au kulegeza matanga. Hakuna mota ya kuisukuma. Mengine yote, kusimama wima, kushika njia, kupanda upepo, yaliamuliwa siku ulipokata pezi, lile bapa linaloshuka majini chini ya boti, na kusimika mlingoti. Kwa hiyo boti ikikataa kutii, anza na mbao na kitambaa, ndipo uje kwenye betri na waya. Hapa Kigoma wengi wanakwenda kinyume: mchana boti inazunguka yenyewe pale Katonga, jioni mwenyewe yuko kwenye simu anaulizia bei ya rimoti mpya Kariakoo.

Kuna jaribio moja la kufanya kabla ya yote. Chagua saa ya upepo mwanana. Weka usukani katikati, legeza matanga nusu, elekeza boti ili upepo uipige ubavuni, isukume kidogo kwa mkono, kisha acha vijiti vya rimoti. Boti iliyokaa sawa itakwenda mita kadhaa ikiwa imenyooka, halafu itaanza kupinda polepole kuelekea upepo unakotoka. Ikilala, ikigeuka ghafla, ikiukimbia upepo au ikiteleza kando, ugonjwa uko kwenye umbo lake na hakuna rimoti itakayoutibu. Ikienda vizuri peke yake lakini ikavurugika ukishika vijiti, ruka hadi kwenye uzi na umeme huko chini.

Inalala ubavu hata kwa upepo mdogo

Hili ndilo lalamiko kubwa, na huwapata zaidi waliotengeneza boti kwa kuiga ya kweli. Mtu anakwenda Ujiji, anatazama mafundi wakiunda boti, anachukua vipimo, anagawa kwa 10, anarudi na kitu kizuri cha kuweka sebuleni. Kikiingia majini kinapinduka.

Sababu ni hesabu. Chukua jahazi la mita 10 ulipunguze liwe la mita 1. Eneo la tanga limepungua mara 100. Uzito umepungua mara 1,000, kwa sababu umepunguza urefu, upana na kimo. Upepo haukupungua, ni uleule. Sasa, kinachoilaza boti ni eneo la tanga likizidishwa kwa urefu wa mlingoti, na hicho kimepungua mara 1,000. Kinachoisimamisha ni uzito ukizidishwa kwa upana, na hicho kimepungua mara 10,000. Jahazi dogo ni rahisi kulala mara 10 kuliko jahazi mama, hata kama kila ubao umekatwa kwa usahihi.

Ndiyo maana boti za mchezo huu zina pezi refu jembamba linaloshuka chini kabisa, na tone la risasi, ile metali nzito, kwenye ncha yake. Katika International One Metre, daraja la kimataifa la boti za mashindano za rimoti, boti haizidi urefu wa mita 1, inazama hadi milimita 420, uzito wote haupungui kilo 4, na pezi pamoja na risasi yake ni kati ya kilo 2.2 na 2.5. Yaani zaidi ya nusu ya boti nzima iko chini ya maji, mbali na kiwiliwili. Ukiwa na jahazi lako la sebuleni na unalipenda, usilibomoe. Tengeneza pezi la kuchomeka na kuchomoa, lenye boliti moja juu.

Risasi inapatikana kwenye chubwi za nyavu, na chubwi huna haja ya kuziyeyusha: zipange kwenye umbo la tone, zishikanishe kwa epoksi, malizia kwa fila ya magari. Kuvunja betri kuukuu za gari ili kupata risasi sikushauri hata kidogo. Kuna asidi, na moshi wa risasi inayoyeyushwa ni sumu, hasa kwa watoto wanaozunguka jiko. Nondo nayo inafaa kuliko watu wanavyodhani. Nondo ya milimita 16 ina uzito wa kilo 1.58 kwa mita, kwa hiyo vipande vitano vya sentimita 30 vinakupa karibu kilo 2.4. Tone litakuwa nene kidogo kuliko la risasi, basi.

Zege usitumie. Ndani ya maji kila kitu kinapoteza uzito kulingana na nafasi kinachochukua. Risasi inapoteza karibu asilimia 9, chuma karibu 13, zege zaidi ya 40. Kilo 2.4 za zege kwenye mzani wa dukani zinakuwa kama kilo 1.4 zikishaingia ziwani, na umebeba tone kubwa linalovuta maji.

Kama uzito upo na bado inalala, usikimbilie kuongeza. Refusha pezi. Tone likiwa sentimita 35 chini, ukilishusha sentimita 5 zaidi umeongeza nguvu ya kusimamisha kwa asilimia 14 bila gramu hata moja ya ziada kwenye tone. Kisha tazama juu. Gramu 100 kwenye ncha ya mlingoti, mita 1.2 juu ya maji, zinafuta kazi ya gramu zaidi ya 300 za risasi iliyoko sentimita 38 chini. Mlingoti wa bomba la chuma uliopakwa rangi mara tatu ni adui. Mwanzi mkavu ulionyooka, au kipande cha fimbo ya kuvulia, unatosha.

Halafu kuna upepo wenyewe. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Boti inayosimama vizuri asubuhi haina kosa lolote ikilala saa tisa alasiri wakati wa kusi. Ina tanga kubwa mno kwa saa hiyo. Wenye boti za mita moja wanakuwa na seti tatu za matanga, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na mlingoti wake. Anza na mbili. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika kinatoa seti ndogo bila gharama.

Inajigeuza kuelekea upepo, au inaukimbia

Upepo unasukuma matanga kana kwamba umeshika sehemu moja, katikati ya eneo lake. Maji nayo yanazuia boti kwenda kando kana kwamba yameshika sehemu moja, karibu na pezi. Kitovu cha tanga kikiwa nyuma sana ya kitovu cha maji, nyuma ya boti inasukumwa kando na pua inageukia upepo. Kikiwa mbele sana, pua inasukumwa na boti inaukimbia upepo.

Kitovu cha maji unakipata kwa kidole. Ielee boti bila matanga, pezi na usukani vikiwa mahali pake, maji yakiwa yametulia. Sukuma ubavu wake polepole kwa kidole kimoja. Ikizungusha pua, sogeza kidole. Ikizungusha nyuma, rudi. Pale ambapo boti nzima inakwenda kando bila kuzunguka, weka alama ya penseli. Kitovu cha tanga kikate kwenye kadibodi: chora matanga yote mawili, la mbele na la nyuma, yakiwa yamepangwa kama yalivyo kwenye boti, yaunganishe kwa kipande chembamba cha njiti, kisha yasawazishe juu ya ncha ya msumari. Kwa boti ya mita moja, anza kitovu cha tanga kikiwa sentimita 2 au 3 mbele ya alama yako ya penseli, halafu rekebisha ziwani.

Marekebisho madogo yanafanywa kwa kuulaza mlingoti. Inajigeuza kuelekea upepo? Legeza kamba ya nyuma, kaza ya mbele, ncha ya mlingoti isogee mbele. Inaukimbia? Fanya kinyume. Milimita chache pale chini zinaonekana sana kule juu, kwa hiyo badilisha kidogo, jaribu, ndipo uguse tena. Ikigoma baada ya hapo, sogeza mlingoti wote au pezi lote.

Lakini kuna mtego. Mazungumzo ya namna hii nayasikia mara nyingi:

"Shikamoo fundi. Usukani wangu hauna nguvu, upepo ukija boti inanigeukia."

"Marahaba. Inageuka ikiwa wima au ikiwa imelala?"

"Ikilala."

Basi usukani hauna kosa, na mlingoti usiuguse. Boti ikilala, tanga linakuwa limetoka nje juu ya maji upande mmoja, na msukumo wake unaizungusha pua kuelekea upepo hata kama vitovu vyote viko sawa. Zaidi ya hapo usukani wenyewe umelala, nusu ya kazi yake inakwenda kuinua na kushusha nyuma ya boti badala ya kuigeuza. Tiba iko kwenye sehemu iliyopita: tanga dogo, pezi refu, au kulegeza kidogo ile kamba inayozuia ufito wa chini wa tanga usinyanyuke, ili sehemu ya juu ya tanga ijipinde na kumwaga upepo. Ukisogeza mlingoti mbele kutibu boti inayolala, siku ya upepo mdogo utakuwa na boti inayokimbia upepo, na utarudi palepale.

Usiitibu kabisa hali ya kugeukia upepo. Bakiza kidogo. Betri ikifa katikati ya maji, boti yenye tabia hiyo inaelekeza pua kwenye upepo, matanga yanapigapiga, inapunguza mwendo na unaweza kuifuata. Yenye tabia ya kuukimbia upepo itajaza tanga na kuondoka.

Inakwama katikati ya kugeuza

Unabisha, yaani unapanda upepo kwa kwenda upande huu na ule, unataka kubadilisha upande, boti inafika katikati, inatazama upepo na kusimama. Mara nyingi mkono ndio mkosaji: umeigeuza ikiwa haina mwendo, au umeupiga usukani hadi mwisho. Usukani uliozidi nyuzi 35 hivi haugeuzi tena, unakuwa breki. Legeza matanga kidogo, acha boti ichukue kasi, kisha zungusha usukani taratibu.

Kama mkono ni mzuri, tazama tanga la mbele. Likibanwa kuliko la nyuma, linasukuma pua irudi ilikotoka. Boti nyepesi mno nayo inakwama kwa kuwa haina msukumo wa kuivusha, na mawimbi ya Kibirizi yanaizuia zaidi. Ikishakwama, isubiri ianze kurudi nyuma, na ikirudi nyuma usukani unafanya kazi kinyume.

Inakwenda kando kama kaa

Umebana matanga mno, legeza. Ikiendelea, shika pezi ulitikise: likicheza kwenye tundu lake, au likiwa limepinda ukilitazama kutoka nyuma, umepata. Pezi la bati bapa linateleza kuliko lile la mbao lililochongwa, nene mbele na jembamba nyuma.

Inazamisha pua upepo ukitoka nyuma

Hapa tanga liko juu linasukuma mbele, boti iko chini inaburuta maji, na pua ndiyo inayolipa. Toa kwanza betri kutoka mbele. Nimeona watu wanaiweka chini ya sitaha ya mbele kwa sababu ndipo penye nafasi. Isogeze nyuma ya pezi. Halafu hakikisha matanga mawili yamefunguka pande tofauti, moja kulia moja kushoto. Tanga la mbele linapaswa kufungwa kwenye ufito wake mwenyewe, na ufito huo uzungukie sehemu iliyo karibu robo ya urefu wake kutoka mbele, si kwenye ncha. Hivyo upepo unalisaidia kufunguka, na sevo, yaani mota ndogo inayovuta uzi ukishika rimoti, inalivuta kwa nguvu ndogo. Kipande kidogo cha risasi kwenye ncha ya mbele ya ufito kinalisaidia kuvuka upande wa pili wakati upepo ni hafifu.

Vyote vikiwa sawa na bado pua inazama, tanga ni kubwa kwa siku hiyo. Au usiende na upepo moja kwa moja nyuma: uweke pembeni kidogo, geuza, uweke pembeni upande wa pili.

Tanga halifunguki lote, au uzi unajifunga

Pima. Kama uzi umefungwa kwenye ufito sentimita 20 kutoka mlingoti, ili tanga lifunguke karibu lote unahitaji kuachia sentimita 27 za uzi. Mkono wa sevo wenye sentimita 10 unaozunguka nyuzi 90 unatoa 14 tu. Ukiupitisha uzi kwenye kipete cha mkono na kuurudisha kwenye sitaha, unapata mara mbili, 28, na kazi imekwisha. Ukitumia winchi ya ngoma, yaani sevo inayoviringisha uzi badala ya kuuvuta kwa mkono, ngoma ya kipenyo cha sentimita 3 inatoa sentimita 9.4 kwa mzunguko, kwa hiyo mizunguko mitatu.

Tatizo ni kwamba ulichopata kwa urefu umelipa kwa nguvu. Sevo iliyoandikwa kilo 10 kwa sentimita, ikiwa na mkono wa sentimita 10, inavuta kilo 1. Ukirudufu uzi, nusu kilo. Sasa chukua ile sevo ndogo ya gramu 9 ambayo kila mtu anayo, iliyoandikwa kilo 1.8. Kwa mkono uleule itavuta gramu 180, na kwa uzi uliorudufiwa gramu 90. Upepo ukija italia tu, na baadaye itaungua. Hiyo iache kwenye usukani.

Uzi unaojifunga kwenye ngoma ya winchi unatokana na ulegevu. Tanga lisipovuta, uzi unaruka nje ya ngoma. Tumia uzi wa kusuka, si mshipi wa nailoni unaokumbuka mizingo yake, na uweke mpira mwembamba wa kuuvuta muda wote.

Usukani unatetemeka, au boti haisikii

Jiulize: inatokea lini? Ikitokea unapobana matanga, ni volti. Sevo ya tanga inavuta umeme mwingi kwa ghafla, betri inashuka, risiva (kile kifaa ndani ya boti kinachopokea mawimbi ya rimoti) inazima na kuwaka tena. Betri nne kavu mpya zinaonyesha volti 6 kwenye mita zikiwa zimepumzika, na kipimo hicho hakikuambii kitu. Pima huku mwenzako ameshika tanga na wewe unabana. Betri tano za kuchaji za volti 1.2 zinashikilia vizuri zaidi. Wanaotoa seli kwenye betri za kompyuta mpakato wajihadhari: mbili mfululizo zikijaa zinafika volti 8.4, na sevo ya kawaida ya volti 6 haivumilii. Weka kifaa cha kupunguza volti katikati.

Ikitokea boti ikiwa mbali tu, ni antena. Rimoti za siku hizi za gigahezi 2.4 hazipenyi maji. Ncha ya waya wa risiva, ile milimita 31 isiyo na ganda nene, isimame juu ya usawa wa maji, ikiwezekana chini kidogo ya sitaha, mbali na mlingoti wa kaboni na mbali na betri. Usiikate, usiikunje. Na wewe ufukweni usiielekeze ncha ya antena ya rimoti kwenye boti kama bunduki. Mawimbi yanatoka ubavuni mwake.

Rimoti ya gari la mtoto, ya megahezi 27, ina mbele, nyuma, kulia na kushoto, basi. Haina katikati. Usukani utapigwa hadi mwisho kila mara, na umeshasoma usukani wa mwisho unafanya nini.

Maji ndani

Funga vipande vya karatasi ya chooni kuzunguka kila tundu kwa ndani, ielee boti robo saa, fungua. Kitakacholowa ndicho. Kwa kawaida ni bomba la usukani. Ncha yake ya juu lazima iwe juu ya usawa wa maji, na ndani ujaze grisi. Spoki ya baiskeli ya milimita 2 inafaa kuwa mti wa usukani, na bomba lake unalipata kwenye antena ya kuvuta ya redio kuukuu. Chagua kile kipande ambacho spoki inaingia bila kucheza.

Ziwa Tanganyika linashuka haraka, na mahali penye kina kirefu zaidi ni mita 1,470. Boti yenye kilo mbili na nusu za risasi ikijaa maji imekwenda. Jaza nafasi zote tupu kwa hewa iliyofungwa: kwa boti ya kilo 4, chupa nane tupu za maji za nusu lita zinatosha kuizuia isizame, au vipande vya povu gumu la kufungia friji kama kiwiliwili ni chembamba.

Imeondoka

Kigoma tuko mashariki mwa ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku hadi asubuhi mapema unageuka, unashuka kutoka vilimani kwenda ziwani. Maji yametulia saa kumi na mbili asubuhi na yanavutia, lakini chochote kitakachokufa saa hiyo kinasafiri kuelekea Kongo. Jaribu boti mpya alasiri, ndani ya ghuba, mbali na njia ya maboti ya Kibirizi na mbali na nyavu, maana pezi linanasa.

Usiogelee kuifuata, kuna mamba, na upepo unaikimbiza kuliko unavyoogelea. Patana mapema na mwenye mtumbwi. Na andika namba ya simu kwenye sitaha kwa rangi ya mafuta, kwa sababu maka peni inafutika kwa jua ndani ya wiki chache na mvuvi atakayeiokota hatajua ampigie nani.